Bi Ghaniya na Kura za Arizona

Bi Ghaniya binti Amur hajapata kufika Marekani, na wala hana hamu ya kufika, maana ndege ya kwenda Unguja tu inatosha kumvimbisha miguu. Lakini mwaka ule wa uchaguzi wao mkubwa ungemkuta sebuleni kwake Ibra, Oman, kakaa kitako, rimoti mkononi, anakueleza habari za Arizona utadhani kazaliwa huko. Alijua sehemu gani huchelewa kuhesabu na sehemu gani huwahi. Aliigombeza televisheni, akaibishia, na akitaka kwenda jikoni aliiambia ingojee kidogo. Jirani waliokuja kunywa kahawa walirudi makwao na vichwa vimejaa majina ya majimbo.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mkwewe. Mwanawe Yazan alikwenda kusoma uinjinia Arizona, akarudi na shahada na habari kwamba kapenda. Msichana mwenyewe Marisela, Mmarekani ambaye wazee wake wametoka Meksiko, mmoja wa hawa wanaoitwa Walatino. Bi Ghaniya alilia, akanuna, akasema mabinti wa Ibra wamekosa nini. Kisha kibali cha kuoa mgeni kikakawia, kijana akaanza kukonda, na mama yule yule aliyenuna akawa wa kwanza kupiga simu huku na huku kuuliza karatasi ya mwanawe imekwama meza gani. Marisela alisilimu, akaja, akajifunza Kiswahili kabla ya Kiarabu, kwa kuwa katika nyumba ile Kiarabu ni cha shule na cha wageni. Ugomvi, mapishi na mapenzi ni kwa Kiswahili.

Kupiga simu ndiyo kazi aliyoifanya Bi Ghaniya maisha yake. Waliletwa Oman kutoka Unguja miaka ya sabini, yeye mtoto wa shule na mdogo wake Wadha ameshikwa mkono, wakateremka melini bandari ya Matrah pamoja na wazazi wao na masanduku mawili. Baba yao alihangaika miaka na karatasi za ukoo, akiwafuata wazee mpaka Al Qabil wathibitishe kwamba babu yake katoka huko, ndipo familia ikapata hati za uraia. Bi Ghaniya alipokuwa mkubwa akaajiriwa opereta wa simu hospitalini. Zaidi ya robo karne alikuwa akiunganisha watu: mke na daktari, mwana na mama mahututi, wizara na duka la dawa. "Subiri kwenye laini" ilikuwa kauli yake, na mpaka leo akikwambia hivyo unasubiri.

Mwishoni mwa Septemba Marisela akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Tufool. Ofelia, mamake Marisela, akaja kutoka Arizona kumuuguza mzazi. Bi Ghaniya alikuwa kajitayarisha kumfundisha mgeni mambo ya arubaini, kwamba mzazi hatoki nje, hashiki maji baridi, na anakunywa uji wa pilipili manga. Kumbe hapakuwa na la kufundisha. Kwao Meksiko nako mzazi hukaa ndani siku arubaini, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa mahindi wenye mdalasini, na akitokeza pua nje kabla ya siku zake mama mtu hupiga kelele. Wanawake wawili walitazamana juu ya sufuria, kila mmoja na mwiko wake, na urafiki ukaanzia hapo. Hawakuwa na lugha moja. Walipokuwa peke yao walizungumza kwa mikono, na jambo likiwa zito walimwita Yazan atafsiri.

Ibra ina soko la wanawake kila Jumatano, mwanamume haingii, na hilo Ofelia lilimpendeza kupita ngome zote alizotembezwa. Bi Ghaniya alimpeleka. Ofelia alipigania bei ya bangili ya fedha kwa Kihispania, muuzaji akamjibu kwa Kiarabu, na wakapatana. Wanawake wakamzunguka, wakauliza huyu mgeni kura yake atampa nani, maana Bi Ghaniya alikuwa keshawaambukiza soko zima. Ndipo kwenye meza ya vitambaa akatokea mwanamke mmoja uso kwa uso na Bi Ghaniya. Pua ile ile ya familia, ndefu yenye kujikunja kidogo nchani, na namna ile ile ya kulivuta buibui upande mmoja. Wakaamkiana "salaam aleikum" ya kooni, isiyofika machoni, wakapishana. Ofelia alimtazama yule, akamtazama mwenyeji wake, na kwa kuwa Yazan hakuwapo wa kutafsiri, akaliweka swali lake moyoni.

Haukupita muda kura zikafika. Mama na binti wote wawili wamejiandikisha Arizona, na mtu aliye nje huweza kuletewa karatasi yake kwa kompyuta, akaijaza na kuirudisha. Marisela alifungua kompyuta ya mumewe akamwambia mamake, kama jambo lililokwisha, "Wote tutampa yule ambaye hatawafukuza watu wetu."

"Wewe mpe unayemtaka," Ofelia alisema. "Mimi nampa anayetaka kufunga mpaka."

Yazan anasimulia kwamba nyumba ililipuka. Ofelia alisema yeye alingoja. Mumewe alikwenda Arizona kuchuma mboga mashambani, na yeye akabaki ng'ambo ya pili ya mpaka na mtoto mgongoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka karatasi zikatoka za halali. Leo mtu anaruka uzio halafu anataka apangwe mbele yake? Marisela akamuuliza: na Chema je? Chema ni mtoto wa dada yake Ofelia, aliyeingizwa Marekani akiwa bado anatambaa. Mpaka leo hana karatasi, anapiga lipu nyumba za watu, na huyo anayetaka kufunga mpaka ndiye anayesema atawarudisha watu wa namna yake.

"Chema ni Chema," Ofelia alisema. "Na nyinyi mnanifanya mlinzi wa geti, kama kwamba sina jengine la kufikiri ila mpaka. Mimi nanunua mayai. Nalipa pango. Hayo mbona hamniulizi?"

Tangu hapo mama na binti hawakusemeshana. Ofelia alipika uji akauacha mlangoni. Marisela aliunywa akilia, na maziwa yakaanza kupungua, mtoto akawa halali. Mwisho Ofelia akamwomba Yazan airudishe nyuma tiketi yake, aondoke wiki moja kabla ya arubaini.

Hilo ndilo lililomkata Bi Ghaniya maini. Mama kumwacha mzazi ndani ya arubaini, na wamenuniana, kwa desturi ya kwao na kwa desturi ya hao wenyewe, ni aibu isiyosahaulika. Akaapa kwamba Ofelia hatapanda ndege yenye ugomvi.

Akafikiri. Na namna alivyofikiri ni ya mtu wa Ibra, hapana awezaye kumlaumu. Kwao, uchaguzi wa Baraza la Shura, bunge lao, ukikaribia, wakubwa wa ukoo hukaa, huzungumza, hukubaliana mgombea mmoja, kisha kila mtu huchukua simu yake, maana siku hizi kura hupigwa kwa simu, akampigia kura huyo huyo, na mambo yakaisha. Televisheni nayo kutwa ilikuwa ikisema "kura ya Walatino" itakwenda huku, "kura ya Walatino" itakwenda kule. Kura moja, basi kabila moja. Na kabila halikosi mkubwa wake.

"Yazan, mwanangu," akauliza, "sheikh wao hawa nani?"

"Sheikh wa nani, mama?"

"Wa Walatino. Nipe nambari yake nimpigie."

Yazan alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mamake hacheki. Alijaribu kumweleza, lakini opereta akishashika laini hapokonywi. Kama sheikh hapatikani, akasema, basi kikao atakiweka yeye mwenyewe. Alhamisi baada ya Alasiri akatandika vitu sebuleni kama kwa wageni wa posa: halwa, tende, makomamanga yaliyoletwa kutoka Al Jabal al Akhdar, na birika la kahawa. Akavaa nguo yake ya Idi. Akawakalisha mama na binti ana kwa ana, Yazan katikati, akasoma Fatiha, akaanza.

"Mzazi mwenzangu, na wewe mwanangu Marisela, nimekwiteni kwa kheri. Kabila lenu limegawanyika, na kabila likigawanyika hupoteza kiti, sisi hapa tunayajua hayo. Sasa leo tuzungumze mpaka tupate mtu mmoja, mumpe kura nyote wawili, khalas, na Bi Ofelia akae mpaka arubaini."

Yazan akatafsiri, jasho likimtoka. Ofelia akaweka kikombe chini.

"Kabila gani?" akauliza. "Mtaani kwangu kuna Mkyuba, kuna watu wa El Salvador, kuna sisi. Hata maharagwe hatupiki namna moja."

"Sisi si kabila, mama," Marisela akasema kwa Kiswahili. "Na kura yangu haipangwi na mtu kikaoni."

"Wala yangu," Ofelia akasema Yazan alipomtafsiria.

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza mama na binti kukubaliana tangu ugomvi uanze, na walikubaliana dhidi ya Bi Ghaniya. Alifurahi na akaumia, vyote pamoja. Lakini Ofelia hakuwa amemaliza. Alimtazama mwenyeji wake, akauliza polepole, "Na hapa kwenu? Kila mtu wa ukoo humpa kura mtu mmoja?"

"Kila mtu," akajibu Bi Ghaniya.

Ofelia akaigusa pua yake mwenyewe kwa kidole, akasema maneno machache. Yazan akatazama zulia.

"Tafsiri," mamake akamwambia.

"Anauliza, na yule wa sokoni mwenye pua yako?"

Basi ikabidi isemwe. Mwaka uliotangulia kulikuwa na uchaguzi wa Shura, na mgombea mmoja aitwaye Taimur alikuja kwenye sebule hii hii kuomba kura za waliotoka Afrika. Aliahidi kwamba jamaa zao waliobaki Unguja na Pemba watapewa visa na makaratasi bila kusumbuliwa. Kama mjumbe wa Shura ana visa mfukoni hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake anayengojea. Bi Ghaniya alikuwa na mtoto wa khalati yake, dada wa mamake, huko Pemba, Aws. Ukoo ukakubaliana, Taimur. Wadha peke yake akampa mwengine, na hakuficha. Taimur akaanguka kwa kura chache, na Bi Ghaniya akasema mdogo wake kamfungia Aws mlango. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwake.

Ofelia alisikiliza yote. "Mimi na binti yangu tumegombana," akasema, "lakini nguo za mtoto wake nazifua mimi. Dada yako anakaa mji huu huu na hajamwona mjukuu?"

Yazan hakutaka kuyatafsiri, lakini Marisela aliyatafsiri, taratibu, kwa Kiswahili kilichonyooka. Bi Ghaniya akajibu kwamba kahawa imepoa, akainuka kwenda kuitia nyengine, na jikoni hakutia kahawa yoyote.

Kesho yake asubuhi aliwasha gari, akashuka wadi, lile bonde linalojaa maji mvua ikinyesha, akaenda Sufala, upande wa chini wa mji, bila kumwambia mtu. Njiani alitunga hotuba tatu, zote kali. Wadha alifungua mlango na unga mikononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema Bi Ghaniya, na hotuba zote zikamtoka kichwani. Akaketi. Akauliza lile lililomkaa rohoni: "Wadha, ulikosa nini kwa Taimur? Hukumfikiria Aws?"

Wadha akafuta mikono. "Dada, mie nina miaka hamsini nchi hii. Nimezaa hapa, nimezika mume hapa. Bwana Taimur kaja mtaani, jirani zangu kawaambia habari za barabara na maji. Kafika kwangu, kafungua mdomo, visa ya Pemba. Ya'ni yeye mie ananiona bado nateremka melini. Na wadi ikishuka hapa mie nakatika upande huu na mjukuu mwenye pumu, hospitali iko upande wa pili. Yule mwengine alisema daraja. Watu wa Sur wana daraja lao la kuvukia Aija, sisi tunaipigia magoti mvua. Nikampa wa daraja. Ndiyo kosa langu."

"Na Aws?"

"Aws kaja, dada. Nimemuombea visa mwenyewe, ya matembezi, hatukuhitaji mtu wa Shura. Ramadhani kafuturu hapo ulipokaa. Kutwa anasema nataka kumwona Bi Ghaniya. Nikamwambia mwenyewe amekasirika na mlango wangu. Akaogopa, akarudi."

Bi Ghaniya aliutazama mkeka aliokalia. Mwaka mzima alimkasirikia Wadha kwa ajili ya Aws, na Aws alikuwa safari fupi ya gari kutoka kwake, anakula sambusa za Wadha. Akalia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na Wadha akamshika mabega na mikono yake ya unga mpaka buibui likawa jeupe. Walipochoka, Bi Ghaniya akasema, "Vaa. Twende ukamwone Tufool."

Walipoingia pamoja sebuleni, Ofelia alitazama pua moja, akatazama ya pili, akaanza kucheka, na kicheko chake ni kikubwa, kinatikisa vikombe. Kisha akamwambia Yazan aiache tiketi kama ilivyokuwa mwanzo. Jioni ile mama na binti waliijaza kura kila mmoja yake kwenye meza moja, wakipokezana kompyuta, mmoja akijaza na mwenziwe akitazama dirishani na mtoto begani. Hakuna aliyebadilisha msimamo. Uji haukuachwa tena mlangoni, uliletwa mpaka kitandani, na maziwa yakarudi.

Hesabu ya kura za Marekani Oman huiangukia asubuhi, na ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Bi Ghaniya kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakwenda sokoni. Wadha alifika na mkate wa ufuta wa moto, na dada wawili wakaishambulia televisheni pamoja, huyu akisema hesabu ya Arizona bado mbichi, yule akiuliza Arizona ndiyo ipi katika rangi zile. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio Bi Ghaniya kama kwamba anayegombea ni yeye. Hatimaye mtangazaji akamtaja mshindi wa nchi. Alikuwa wa Ofelia.

Marisela aliinuka akaingia chumbani. Ofelia hakushangilia. Alichukua simu, akamtafuta Chema, kwao ikiwa bado usiku, akazungumza naye kwa sauti ya chini na ya kuamrisha. Marisela alirudi mlangoni akasimama kusikiliza, kisha akawatafsiria wakwe zake kwa kunong'ona: mamake anamwambia Chema ahamie kwake, chumba cha nyuma, ufunguo uko kwa jirani, na akirudi yeye, atakayemjia Chema atamkuta yeye mlangoni. Simu ilipokwisha, Marisela alimweka Tufool mapajani mwa mamake, akakaa chini akamwegemea gotini. Bi Ghaniya alifungua mdomo aulize mtu anawezaje kutoa kura ile na kupiga simu hii. Wadha akamfinya, akaufunga.

Arubaini ikafika Ijumaa. Tufool alinyolewa, akapakwa zafarani, akapokewa mikono kwa mikono na wanawake wa juu na wa chini ya mji. Marisela alitolewa nje kwa mara ya kwanza, mamake kamshika mkono huu, mama mkwe mkono wa pili, na vigelegele vya Kiunguja vikachanganyika na ukelele mmoja wa Kimeksiko uliowafanya mbuzi wa jirani wasimame. Sinia zilikuwa zimejaa, watu wamejaa, Bi Ghaniya furaha imemjaa mpaka hawezi kukaa, anakwenda jikoni na kurudi bila kubeba kitu.

Katikati ya hayo simu yake ikalia. Alikuwa Taimur. Alitoa hongera ya mjukuu kwa maneno mazuri, maana ni mtu wa adabu, akauliza hali ya kila mmoja, kisha akasogea kwenye lake. Uchaguzi wa Shura hauko mbali hivyo, akasema, na yeye nia anayo, tena habari ya visa za jamaa hajaiacha. "Nyumba yenu nimeiegemea, Bi Ghaniya. Nyinyi kura zenu nazijua."

Siku zote jibu la maneno kama hayo lilikuwa inshallah kheri. Bi Ghaniya alitazama sebuleni. Ofelia alikuwa akimlisha Marisela halwa kwa mkono wake, hao waliopiga kura mbili tofauti kwenye meza moja.

"Yangu njoo uiombe, bwana Taimur, kahawa ipo," akasema. "Ya Wadha anayo Wadha. Subiri kwenye laini."

Akavuka chumba, akampa mdogo wake simu. Wadha alifuta halwa vidoleni, akaiweka sikioni.

"Aleikum salaam, bwana Taimur," akasema. "Nambie habari ya daraja."